Kamera utafundishwa

Umeuliza kama unaweza kusomea anthropolojia ya taswira, yaani kuchunguza maisha na utamaduni wa watu kwa filamu na picha, bila kuwahi kushika kamera. Unaweza kabisa. Kamera utafundishwa, kinachokula muda ni kukaa na watu mpaka wakuzoee. Ukitaka mfano wa pa kusomea, Chuo Kikuu cha Manchester, Uingereza, kina Kituo cha Granada cha anthropolojia ya taswira tangu 1987, na wanafunzi wake wa uzamili hutengeneza filamu zao wenyewe.

Penye moto ni kwenye suala la ukweli. Mtengenezaji filamu Robert Flaherty alipopiga “Nanook of the North” (1922), filamu ya maisha halisi kuhusu mwindaji wa Kiinuit, watu wa kaskazini mwa Kanada, nyumba ya barafu ilijengwa bila upande mmoja ili mwanga uingie, na huyo “Nanook” jina lake halisi lilikuwa Allakariallak. Mtabishana darasani mpaka sauti zikauke. Jean Rouch, mwanaanthropolojia na mtengenezaji filamu Mfaransa, aliwaonyesha aliowarekodi filamu yao, akasikiliza wanasemaje. Mimi niko upande wake.

Ukiwa na hela kidogo, nunua maikrofoni kwanza. Picha ikitikisika mtazamaji huvumilia, sauti mbovu haivumiliki. Halafu rekodi mtu mmoja akifanya kazi yake, dakika tano, bila msimulizi.