Waacheni watoto waseme rangi wanazoziona

Wiki hii mmeuliza: "Je, mwalimu wa chekechea azungumze na watoto kuhusu rangi ya ngozi, au anyamaze?" Mimi nafundisha darasa la awali hapa Moshi, na nasema azungumze, tena mapema. Mtoto wa miaka minne ameshaona kwamba dada yake ni maji ya kunde na yeye ni mweusi, na ameshasikia ni yupi anayesifiwa na wageni. Tukinyamaza, somo atalipata kwa shangazi anayepaka mkorogo.

Darasani kwangu tunachanganya rangi za maji. Kila mtoto anawekewa kahawia, nyekundu, njano na nyeupe kwenye kifuniko cha ndoo. Anakoroga, anapaka tone nyuma ya mkono, anaangalia, anaongeza. Hapo ndipo maneno hutoka: "Mwalimu, yangu bado, inataka nyekundu!" Wanagundua wenyewe kwamba kahawia ya kwenye chupa haifanani na mtu yeyote, na kwamba viganja vyao vina rangi nyingine kabisa. Ndugu wa tumbo moja hutoka na rangi mbili, wakafurahia zote.

Wakiuliza sababu, nawaambia ngozi ina melanini, kitu kinachoipa rangi. Chembe zinazoitengeneza sote tunazo, karibu idadi ileile. Za mmoja hutengeneza nyingi, za mwingine kidogo. Mwenye ualbino amerithi hali hiyo kwa baba na mama wote wawili, na mwili wake hutengeneza kidogo mno au hautengenezi kabisa. Naye huchanganya rangi yake kama wenzake.

Lakini mtoto huyu mwenye ualbino, kusherehekewa tu hakumtoshi. Jua linamuunguza na macho yake huona kwa shida. Akae mbele, karibu na ubao, asielekee dirisha lenye mwanga mkali. Avae kofia pana na mikono mirefu hata kwenye michezo, sare isiwe kisingizio. Losheni ya Kilisun, ya kuwakinga wenye ualbino na jua, inatengenezwa hapahapa Moshi, kwenye hospitali ya KCMC. Mwalimu amwelekeze mzazi huko.

Nisichokubali ni majina ya utani: "cheusi", "mzungu", na lile wanaloitwa wenye ualbino, ambalo silirudii hapa. Mwalimu akiyachekea, zoezi letu la rangi halina kazi. Na mzazi anayekuja kumchukua mwanawe akamwita "cheupe wangu" mbele ya mdogo wake, namwomba kwa heshima amwite kwa jina lake.