Uyoga wa shina refu, kofia ndogo: je, ninunue kiyoyozi?

SWALI: Niko Mbagala, Dar es Salaam. Chumba changu cha tofali kina futi 10 kwa 12, nacho ndicho cha giza cha kukalia mifuko mipya na ndicho cha kuvunia. Nimeotesha uyoga wa aina ya mamama mifuko 60 kwa majani ya mpunga. Mifuko kama 15 imeota ukungu wa kijani. Iliyobaki inatoa uyoga wenye mashina marefu na kofia kama vifungo vya shati. Jirani ananiambia nifunge kiyoyozi.

JIBU: Usikinunue, ndugu yangu. Luku itakula faida yote, tena kiyoyozi hukausha hewa, ilhali uyoga unaozaa unataka unyevu wa asilimia 80 hadi 90.

Tatizo lako ni chumba kisichopumua. Uyoga si mchicha: unavuta oksijeni na kutoa kabonidayoksaidi, kama mimi na wewe. Hewa chafu ikijaa, shina hurefuka na kofia hudumaa. Toboa tundu chini, karibu na sakafu, na jingine juu kwenye ukuta wa pili. Yawambe wavu wenye vitundu vidogo kuliko vya chandarua, maana vijinzi vya uyoga hupenya chandarua bila shida. Kisha gawa chumba kwa pazia la nailoni nyeusi: nyuma yake mifuko mipya ikae wiki tatu hadi nne mpaka utando mweupe uenee kote, mbele, mifuko inayozaa ipate hewa na mwanga wa kutosha kusoma gazeti.

Joto la Januari ni kweli linasumbua. Tandaza mchanga sakafuni uumwagilie asubuhi na mchana, na umwombe muuza mbegu aina inayostahimili joto. Wengi hununua mbegu bila hata kuuliza ni aina gani!

Ukungu wa kijani nadhani ulianzia kwenye pipa la kuchemshia majani. Majani yaliyokatwa vipande vya sentimita 5 hadi 10 yanatosha kukaa saa moja hadi mbili kwenye maji ya nyuzi 70 hadi 80. Si lazima yatokote kutwa nzima, kuni ni ghali. Yachuje, yapoe kabisa, kisha kamua konzi moja: yakidondoka matone machache, weka mbegu, yakitiririka, subiri. Mifuko iliyoota ukungu itoe nje ikiwa imefungwa, uifukie mbali. Ukiifungulia ndani, umepanda ukungu chumba kizima.

Kwa awamu ijayo, jaribu ndoo za lita 20 zilizotobolewa ubavuni. Huoshwa na kutumika tena. Majani yaliyokwisha kuzaa mara tatu yaozeshe yawe mbolea ya bustani.

Vuna kabla ukingo wa kofia haujageukia juu. Ukichelewa, uyoga humwaga vumbi jeupe, na ukilivuta kila siku kifua kitakusumbua. Mimi huingia na barakoa. Na kama kuna mtu analala humo, mhamishe leo.