Kitanda Kinachopita Mlangoni

Mwanangu mpendwa,

Salamu kutoka Pasua. Sisi hatujambo, isipokuwa goti la baba yako. Linazungumzwa sana siku hizi, utadhani kuna mtu wa tatu humu ndani.

Ujumbe wako wa Jumapili nimeusoma mara mbili. Umepata chumba Sakina, huko Arusha, futi 10 kwa 12, umelipa kodi ya miezi sita, na sasa umebaki na godoro la nne kwa sita na laki tatu. Unaniuliza uchukue seti ya makochi kwa mkopo kama jirani yako, au ununue mbao ujitengenezee. Unauliza utapanda wapi mboga wakati uani ni saruji tupu. Na ukirudi saa mbili usiku umechoka, ule nini zaidi ya chipsi zege. Nilitaka kukupigia, lakini kwenye simu ungesema "sawa mama" halafu ukaenda kuchukua makochi. Ndiyo maana nimekaa chini nikaandika.

Makochi usichukue. Kabla sijakueleza sababu, nikusimulie habari ya kitanda cha Majengo, maana baba yako hajawahi kuisimulia yote.

Tulipooana, mwaka 1994, tulipanga chumba Majengo, hapa hapa Moshi. Baba yako alikuwa na msumeno wa kuazima na imani kubwa. Akaziingiza mbao dirishani moja moja, akaunga kitanda humo humo ndani. Misumari ya inchi 4 kila kona, ikatokeza upande wa pili, akaikunja. Kilikuwa imara kweli, wapangaji wenzetu walikuja kukiangalia na mmoja akakiruka kukijaribu. Mwaka wa tatu mwenye nyumba akatupa notisi. Kitanda kikakataa mlango. Tukakilaza ubavu, tukakisimamisha, tukang'oa na fremu ya mlango, wapi. Watoto wa uani wamekaa juu ya ndoo wanatutazama kama sinema. Mwishowe baba yako akaenda kuazima msumeno ule ule, akakikata katikati, mimi namshikia tochi. Usiku huo tulilala chini, na vipande vyake vikapikia maharage wiki nzima. Mpaka leo ubishi ukinishinda nasema tu "Majengo", naye ananyamaza.

Kwa hiyo wewe mpangaji, kitu chochote kabla hujakipima na chumba, kipime na mlango. Makochi ya mkopo yatakula nusu ya chumba, na siku ya kuhama gari la mizigo, Kirikuu, litakwenda safari mbili, moja ya makochi na moja yako. Tena makochi ni ya wageni. Wageni wako watakaa kitandani na kwenye benchi, kama walivyokaa kwetu, na chai wakanywa.

Anza na kitanda. Godoro likilala sakafuni linavuta unyevu, na baridi ya Arusha mwezi huu wa sita unaijua. Nunua mbao mbili za paini au saiprasi, inchi mbili kwa sita, urefu futi 12. Kila moja inakutolea ubavu wa futi 6 na inchi 3, na kichwa cha futi 4 na inchi 4, na kipande kinabaki. Usifanye hesabu ya kukata mbao katikati upate futi sita sita: msumeno wenyewe unakula kidogo, na godoro likiingia kwa kubanwa hutaweza kutandika shuka bila kugombana nalo. Ongeza mbao ya mbili kwa nne ya miguu, nyembamba za kugongelea ndani ya mbavu ili zibebe chaga, na chaga zenyewe, zipishane vidole vitatu. Waambie hapo hapo dukani wakukatie na wakupigie randa kwa mashine. Hiyo si aibu. Aibu ni kukata kwa mkono mbavu mbili zisizolingana.

Sasa siri ya baba yako, aliyoilipia Majengo. Miguu na kichwa vigongelewe moja kwa moja, viwe kama fremu mbili, moja ya kichwani na moja ya miguuni. Mbavu ndizo za bolti, mbili kila kona, jumla nane. Siku ya kuhama unafungua nati nane na kitanda kinabebwa kama kuni. Kabla hujakaza, pima kutoka kona hadi kona, kisha pima zile kona nyingine mbili. Vipimo vikilingana, kitanda kimenyooka. Visipolingana, sukuma kona yenye kipimo kirefu mpaka vilingane. Na mahali pa msumari, ugonge ncha yake kwanza na nyundo iwe butu kidogo. Msumari wenye ncha kali unaipasua mbao, butu unajichimbia njia. Hili nililifanyia mzaha miaka mingi mpaka nilipojaribu mwenyewe.

Mbao mbichi ndiyo itakayokuponza, hasa sasa, maana zimenyeshewa masika yote. Mimi niliwahi kupigilia rafu ya vyombo kwa mbao mbichi. Ilipofika Septemba ilikuwa imejikunja kama ulimi wa mbwa, na vikombe vinateleza upande mmoja. Ukifika dukani usiulize kama ni kavu, maana atakwambia kavu. Inyanyue: mbichi ni nzito kuliko inavyoonekana. Iweke shavuni: mbichi ina baridi. Halafu ishike ncha moja kama bunduki, fumba jicho, angalia urefu wake wote. Akikucheka muuzaji, mwache acheke.

Rafu unaweza kutengeneza kwa mapaleti ya mizigo. Yana muhuri umechomwa ubavuni. Chukua yenye herufi HT, maana hayo yametibiwa kwa joto. Yenye MB yamefukizwa sumu ya wadudu, hayo usiingize ndani wala usiyachome jikoni. Benchi lifanye sanduku, kifuniko ndicho kikalio, ndani mablanketi. Msasa, vanishi, basi. Mapazia usinunue huko, nitakutafutia mtumba soko la Memorial, hapa Moshi.

Mboga. Hapa nitakaa kidogo, univumilie.

Mimi nimekulia Uru, kwenye kihamba cha babu yako, yaani shamba la ukoo linalozunguka nyumba. Hakikuwa kikubwa. Lakini bibi yako alikuwa akipanda kwa ghorofa: juu kabisa miringaringa na migrevilea, chini yake migomba, chini ya migomba kahawa, na chini ya kahawa, pale ambapo mtu mwingine angeona kivuli tu, magimbi na mboga. Hakuna jua lililofika ardhini bila kukamatwa na jani la mtu. Mwaka 2011 FAO, shirika la chakula na kilimo la Umoja wa Mataifa, liliingiza kihamba cha Shimbwe Juu, huko huko kwetu Uru, kwenye orodha ya urithi wa kilimo duniani. Bibi angesikia angeuliza kama wanaleta na samadi.

Kihamba kile kilikwenda kwa wajomba zako, wa kwanza na wa mwisho, kama mila inavyotaka. Sheria za ardhi za mwaka 1999 zinampa mwanamke haki sawa na mwanamume, lakini zilipotoka chetu kilikuwa kimeshagawiwa. Sinung'uniki. Haya, nanung'unika kidogo. Nilichobeba kutoka kule ni zile ghorofa za bibi, na wewe zinakutosha hata kwenye saruji.

Kwanza muombe mwenye nyumba. Ahadi ya fungu la mboga kila Ijumaa inasaidia. Kisha chukua kiroba cha kilo 50, kikae juu ya matofali, mbali na ukuta ili maji yasimlowanishie rangi yake. Kiweke mahali pake kabla hujakijaza, ukishajaza hakisogei. Changanya udongo debe mbili na samadi debe moja, samadi iliyooza, ile ambayo ukiishika ina ubaridi na hainuki. Ya moto itaunguza mizizi. Katikati simamisha kopo kubwa lisilo na kitako wala mfuniko, lijaze kokoto, zungushia udongo, halafu livute juu na ujaze tena, hivyo hivyo mpaka kiroba kijae. Utabaki na nguzo ya kokoto katikati, na hapo ndipo utakapomwagia maji, yashuke mpaka chini. Bila hiyo nguzo maji yanaishia juu na miche ya chini inakufa kwa kiu. Toboa ubavuni matundu yanayopishana, kila tundu mche wa sukuma wiki. Juu panda nyanya moja, mbili zitagombana. Mchicha mwagia kwenye beseni lililopasuka. Ndani ya wiki tatu nne unachuma, na huo ndio utakaokupa moyo wakati sukuma bado inajishauri.

Vidukari wakija, nyunyiza majivu asubuhi majani yakiwa na umande. Maji ya kuoshea mboga na mchele yote yaende huko. Ya sabuni hapana.

Najua utanibana: kiroba nacho hakihami, mama. Kweli. Kiroba ni cha mchicha na sukuma, vitu vya msimu, siku ya kuondoka unamwachia jirani. Kile unachokipenda, mchaichai wako, rozmari, pilipili, panda kwenye ndoo ya lita 20 iliyotobolewa chini, yenye mpini wa kubebea.

Chakula nitakwenda haraka, kupika unajua, umechoka tu. Mtungi wako wa kilo 6 uweke karibu na dirisha, na usizibe uwazi wa chini ya mlango: gesi ikivuja inatambaa chini kama maji, haipandi juu. Ukibadilisha mtungi paka povu la sabuni pale kwenye muungo, ukiona mapovu yanavimba, funga. Serikali inataka ifikapo 2034 asilimia 80 ya Watanzania wawe wanapika kwa nishati safi. Mimi bado nina jiko langu la mkaa uani na sijalitaliki. Lakini wewe, hata baridi ikaze vipi mwezi wa saba, jiko la mkaa usiliingize chumbani kuota moto. Moshi usioonekana unaua watu wamelala. Katika barua yote hii, hili ndilo la amri.

Jumamosi nenda soko la Tengeru, ununue ndizi mshare na parachichi. Usiku huo loweka maharage. Jumapili asubuhi yachemshe kwa moto mkali nusu saa, funika, sufuria izungushie blanketi kuukuu ndani ya kapu, nenda kanisani. Ukirudi mchana yamejiivisha yenyewe, yatokose tena kidogo. Gesi uliyotumia ni ya nusu saa na ushee. Huna friji, kwa hiyo pika ya siku mbili tu, na kila jioni uyachemshe.

Jumatatu, umefika saa mbili. Paka mikono mafuta, menya ndizi nne ndani ya maji, utomvu hautakushika. Kaanga kitunguu na nyanya mbili, weka ndizi, maji ya kufunika, chumvi. Dakika ishirini hivi. Zikilainika mimina maharage yako, ponda machache kwa mgongo wa mwiko ili mchuzi uwe mzito. Zima. Chuma majani manne ya sukuma uani, katakata, tupia juu, funika, mvuke utayaivisha wakati unavua viatu. Parachichi pembeni. Hiyo ni sahani moja, sufuria moja ya kuosha, na imetoka Uru imefika Sakina. Siku nyingine ni mayai na mchicha, siku nyingine dagaa na nyanya. Na siku moja kwa wiki kula chipsi zako, sitauliza.

Jumamosi asubuhi nitamkabidhi kondakta wa Coaster kifurushi. Ndani kuna bolti na nati nane na washa zake, baba yako kazichagua mwenyewe moja moja dukani mpaka muuzaji akachoka, mbegu za mnafu ndani ya kiberiti, na msumeno. Huo msumeno ni wake sasa, si wa kuazima, atautaka urudi.

Lakini kabla hujanunua mbao, pima mlango wako, urefu na upana, unitumie vipimo. Baba yako anasema upime na kona ya korido.

Mama yako