Swali la Lugha: Kioo cha Modeli Hupakwa Rangi au Hutiwa Rangi?

SWALI: Ninaishi Moshi na ninaunda modeli za plastiki za magari na ndege. Ninapotaka kioo cha taa ya nyuma kiwe chekundu huku kikiendelea kupitisha mwanga, je, niseme ninakipaka rangi, ninakitia rangi, au ninakiwekea tinti?

JIBU: Sema unakitia rangi. Kupaka ni kutandaza kitu juu ya kingine, kama chokaa ukutani, na anayesoma “kioo kilichopakwa rangi” huona kioo kilichozibwa. Kutia hubeba wazo la kuingiza: ukitia rangi kitambaa cheupe, rangi huingia katika nyuzi, nacho hubaki kitambaa kilekile. Hata hivyo, kazi ya brashi ni kupaka, na kwa sababu hiyo mwandishi makini atatumia vitenzi vyote viwili, kimoja kwa ajili ya mkono na kingine kwa ajili ya matokeo: “Nilipaka tabaka jembamba la rangi inayopitisha mwanga ili kukitia kioo wekundu.” Kama ulikizamisha katika rangi, umekichovya. Tinti iachie ile karatasi nyeusi ya vioo vya magari tunayoiona kila siku hapa Arusha, nayo hubandikwa.

Usiogope kukiita kioo kwa kuwa ni plastiki. Mafundi wa gereji husema “kioo cha taa” ingawa taa nyingi za magari ya leo zina vifuniko vya plastiki. Lakini kwa plastiki isiyoziba mwanga, “plastiki safi” haifai, maana husikika kama iliyooshwa. Plastiki inayoonyesha inaeleweka mara moja, kama tusemavyo nguo inayoonyesha.

Rangi ya Tamiya, kampuni ya Kijapani ya modeli na rangi zake, yenye namba X-19, ambayo hutia vioo giza kidogo, iite rangi ya moshi, kwa herufi ndogo ili isichanganywe na mji wenu. Kiswahili kimezoea kupata majina ya rangi kutoka kwenye vitu: kijivu kimetoka kwenye jivu, kahawia kwenye kahawa.

Jambo moja zaidi, kwa kuwa unaunda ndege, ambazo taa ya ncha ya bawa la kushoto ni nyekundu na ya kulia ni ya kijani. Nyekundu ni kivumishi kinachobeba kiambishi cha ngeli, ilhali kijani ni nomino inayohitaji -a unganifu, kama “cha”. Andika “kioo chekundu” na “kioo cha kijani”, wala si “kioo kijani”.