Kwa mnaoanza kuandika juu ya maisha ya Wajapani wa zama za Edo (1603–1868)

Wadogo zangu, nimemaliza kusoma rasimu zenu na nimekuta makosa yale yale ya waliowatangulia. Nawapenda, ndiyo maana nasema sasa, kabla hamjasimama mbele ya watahini.

1. Acheni kukimbilia ujira kama kipimo cha hali ya maisha. Hapa ndipo wengi wanapoanguka, kwa hiyo nitakaa hapa kidogo. Mwenzenu mmoja alichukua ujira wa vibarua wa Kyoto, akautafuta unanunua mchele kiasi gani, akaulinganisha na wa London, akahitimisha kwamba Mjapani wa karne ya 18 aliishi kwa taabu tupu. Hesabu ilikuwa safi. Mwanahistoria wa uchumi Robert Allen na wenzake walishaonyesha mwaka 2011 kwamba ujira wa mijini Japani ulikaribiana na wa Italia, ukiwa chini sana ya ule wa London na Amsterdam. Sura nzima ikaangushwa na swali moja la mtahini: hao vibarua walikuwa sehemu gani ya watu wote? Kijana akanyamaza. Iliniuma sana, maana alikuwa ameifanyia kazi kwa uaminifu, na hakuna kati yetu tuliopitia rasimu aliyemuuliza mapema.

Wajapani wengi wa wakati ule walikuwa wakulima wenye vishamba vyao. Baba yuko kwenye mpunga, mama anasokota pamba au analisha viwavi wa hariri, kijana amekwenda mjini kutafuta kibarua majira ya baridi, babu anasuka kamba za majani ya mpunga usiku. Mwanahistoria Thomas C. Smith alipochambua takwimu za Kaminoseki, katika han (himaya ya bwana mkubwa) ya Choshu, magharibi mwa Japani, za miaka ya 1840, alikuta zaidi ya nusu ya pato linatoka nje ya kilimo. Na hayo ni mashambani! Mwanahistoria Saito Osamu amelisisitiza jambo hili miaka mingi: pato litazamwe kwa kaya. Ila mkishapata pato la kaya msishangilie haraka. Hayami Akira, mwanahistoria wa idadi ya watu, aliona kwenye uwanda wa Nobi, katikati ya Japani, wanyama wa kazi wakipungua huku watu wakiongezeka. Kazi ya ng'ombe na farasi ilihamia kwenye migongo ya watu. Andikeni pato, kisha andikeni jasho lililolileta.

2. Koku, kile kipimo cha mchele kilichotumika kukadiria ardhi, inawaambia mavuno yaliyokadiriwa, haiwaambii nani alikula nini. Wakulima wengi walitoa mchele kulipa nengu (kodi ya ardhi ya kila mwaka), wakabaki na shayiri, mtama na figili.

3. Uchache wa vyombo msiuite umaskini. Naam, chumba cha kawaida cha nagaya, zile nyumba ndefu za kupanga za mjini, kilikuwa kama mita 2.7 kwa 3.6, na familia nzima ilikuwemo. Lakini hata nyumba ya tajiri ilikuwa na fanicha chache. Mngeangalia maji na choo mngejifunza zaidi: mfereji wa Tamagawa, uliochimbwa miaka ya 1653 na 1654, ulileta maji mji wa Edo (Tokyo ya leo) kutoka umbali wa kilomita zipatazo 43, na kinyesi cha mji ule wa watu karibu milioni moja kiliuzwa kwa wakulima kama mbolea. Mwenye nyumba alipata fedha, uchafu ukatoka mjini. Kisha linganisheni hayo na beriberi, ugonjwa wa kukosa vitamini B1. Watu waliotoka mikoani waliugua wakiwa Edo, kwenye mchele mweupe uliokobolewa, na wengi wakapata nafuu wakirudi kwao kwenye nafaka duni. Chakula cha heshima ndicho kilichowalaza. Mtu anayetaka mstari mmoja unaopanda kutoka dhiki kwenda neema aniambie beriberi ataiweka wapi.

4. Amri za watawala zinaonyesha walichotaka. Ile ya Keian ya 1649, inayomkataza mkulima kunywa chai, msiitegemee: wanahistoria wengi wanatilia shaka kwamba bakufu, yaani serikali ya shogun, iliitoa mwaka huo. Na hata amri iliyo halali, mara nyingi hukataza kile ambacho watu tayari wanakifanya.

5. Mahali na mwaka, kila aya! Njaa ya Kyoho ya 1732 iliwapiga watu wa magharibi. Ile ya Tenmei, miaka ya 1780, iliua zaidi Tohoku, kaskazini-mashariki, na volkano ya Asama ililipuka 1783 katikati ya balaa hilo. Hesabu ya 1721 ilipata raia wa kawaida wapatao milioni 26, na zaidi ya karne moja baadaye idadi ilikuwa karibu pale pale. Wastani huo unaficha Kanto (eneo linaloizunguka Edo) na Tohoku zilizopungua na magharibi iliyoongezeka. Yeyote aliyeandika "Wajapani waliishi vizuri" bila kutaja wapi na lini, nimemzungushia kalamu nyekundu.

6. Wenye majedwali ya shumon aratame-cho (daftari za kuandikisha watu na dini zao): mtoto aliyezaliwa na kufa kati ya uandikishaji mmoja na mwingine mara nyingi hayumo. Rekebisheni vifo vya wachanga na umri wa kuishi kabla ya kuniletea rasimu ya pili.