Maswali na majibu: GTA ilitoka wapi?

Karibu barua zote za safari hii zinaulizia GTA (Grand Theft Auto), gemu inayojaza mabenchi ya mabanda yetu ya gemu hapa Mwanza, kuanzia Kirumba hadi Igoma.

Hapa bandani tunabishana: GTA ni ya Marekani au siyo? (Mwenye banda la gemu, Kirumba)

Kaka, miji mnayoiona kwenye skrini imeigwa Marekani, lakini walioitengeneza walikuwa Uskoti. Studio ilianza mwishoni mwa miaka ya 1980 mjini Dundee, penye mlango wa mto Tay, kwa jina la DMA Design. Rockstar Games ya New York, inayoichapisha, iliundwa mwaka 1998, wakati gemu ya kwanza ilitoka 1997.

Nasomea kompyuta hapa Nyegezi. Waanzilishi walikuwa na mtaji gani? (Mwanafunzi)

Swali hili nimelipenda kuliko yote, mdogo wangu. Dundee kulikuwa na kiwanda cha saa cha Timex, ambacho miaka ya 1980 kiliunganisha pia kompyuta ndogo za ZX Spectrum. David Jones alikuwa akifanya kazi hapo. Alipopunguzwa kazini, pesa aliyolipwa akainunulia kompyuta ya Amiga. Mjini kulikuwa na klabu ya wapenzi wa kompyuta, na humo ndimo alimofahamiana na Mike Dailly, Russell Kay na Steve Hammond. Mwaka 1988 wakatoa Menace, gemu ya vita vya angani. Mwaka 1991 ikaja Lemmings iliyowapa jina duniani: vijitu vyenye nywele za kijani vinaandamana kuelekea mauti, na kazi yako ni kuviokoa. Chanzo chake ni Dailly kutaka kuonyesha kwamba mtu anayetembea anaweza kuchorwa ndani ya kisanduku cha nukta 8 kwa 8.

Fedha ilikuwa kidogo. Walichokuwa nacho tele ni wenzao wa kukaa nao jioni wakiandika programu, na hao hata wewe unaweza kuwapata hapo hapo chuoni bila kuhamia Dar.

Mwanangu anashinda banda la gemu akikimbizana na polisi. Nani aliwaza mambo haya? (Mama, Igoma)

Shikamoo mama. Mwanzoni ilikuwa gemu ya magari kufukuzana, iliyoitwa Race'n'Chase, na ilikuwa inachosha. Kisha likatokea kosa kwenye programu: magari ya polisi yakawa yanamvamia mchezaji kwa fujo, kana kwamba yanataka kupenya katikati ya gari lake. Waliokuwa wakiijaribu wakafurahia kitu hicho kuliko vingine vyote, nao watengenezaji wakaamua kukikuza badala ya kukifuta.

Kuhusu mwanao, nasema wazi: GTA San Andreas ya mwaka 2004, wanayoicheza sana watoto wetu, Ulaya imewekewa kiwango cha miaka 18 na kuendelea. Mwenye banda anayemwachia mtoto wa shule ya msingi anakosea. Nenda ukamwambie amwekee gemu ya mpira, mama. Una haki hiyo.

Mbona GTA za zamani unaona magari kutoka juu tu? (Fundi simu, Sengerema)

Gemu mbili za kwanza, za 1997 na 1999, zilichorwa hivyo. GTA III ya 2001, kwenye PlayStation 2, ndiyo iliyokushusha barabarani nyuma ya mhusika.

Studio bado iko Dundee? (Msomaji, Ukerewe)

Hapana. Iliuzwa mara kadhaa, mwaka 1999 ikaangukia kwa Take-Two ya Marekani, kampuni inayoimiliki Rockstar, baadaye ikahamia Edinburgh na tangu 2002 inaitwa Rockstar North. Jones alishaondoka. Alianzisha Realtime Worlds huko huko Dundee, akatoa Crackdown mwaka 2007, lakini kampuni ikafilisika mwaka 2010 baada ya gemu yake ya APB kushindwa sokoni. Mji wenyewe haukuacha kazi hiyo. Chuo Kikuu cha Abertay kilianzisha shahada ya gemu za kompyuta mwaka 1997, na Minecraft ya Xbox 360 imetengenezwa na 4J Studios, vijana wa Dundee hiyo hiyo.