Bosi anakutafuta saa nne usiku? Anza na kalenda yako

Wiki iliyopita nilipata ujumbe wa dada mmoja wa Mwanza, mhasibu kijana, na tangu hapo nimekuwa nikimjibu kichwani kila nikiosha vyombo. Aliandika: "Shikamoo dada. Nina mtoto wa mwaka na nusu. Bosi wangu anaandika kwenye kundi la WhatsApp la ofisini saa nne usiku, na usipojibu anakuuliza kesho yake mbele za watu. Mume wangu ameanza kununa. Nifanyeje?"

Marahaba mdogo wangu. Nimechelewa kukujibu kwa sababu ujumbe wako uliingia tarehe 18, na tarehe 18 mimi si mtu. Wewe ni mhasibu, unanielewa.

Najua umeshasoma ushauri wa kawaida: amka saa kumi alfajiri, fanya mazoezi, zima simu saa moja jioni, kula na familia kila siku. Wanaoutoa sijui wanafanya kazi gani. Zima simu jioni ya tarehe 19, ritani ya VAT, ile taarifa ya kodi ya ongezeko la thamani, haijaingia na mtandao unasumbua, uone kama kesho utakuwa na kazi ya kuisawazisha na chochote. Ninalotaka kukuambia ni hili: usitafute usawa ndani ya siku moja. Utafute ndani ya mwezi. Kazi yetu ina tarehe zake, na tarehe hizo hazibadiliki kwa sababu mtoto ana homa. PAYE, kodi inayokatwa kwenye mishahara, na SDL, tozo ya kuendeleza ujuzi anayolipa mwajiri, ni tarehe 7. VAT ni tarehe 20. Mwisho wa Machi, Juni, Septemba na Desemba kuna awamu za kodi ya mapato kwa wanaofunga mwaka Desemba, na Juni 30 inakuja na ritani ya mwaka mzima. Hizo ni siku za moto. Lakini kuanzia tarehe 8 hadi 13 hivi, na kuanzia 21 mpaka mwezi unapokaribia kuisha, hakuna moto. Anayeuwasha ni bosi.

Nimeyajuaje haya? Ngoja nisimulie, maana bado yananiuma.

Nilikuwa nimeajiriwa katika kampuni moja hapa Dar es Salaam, jina lake siliandiki. Nilitoka Kimara kabla ya kukucha nipate kupanda mwendokasi nikiwa bado napata pa kusimama vizuri, na nilirudi watoto wamelala. Bibi yangu aliyenilea akafariki Lushoto, katikati ya mwezi, siku chache kabla ya VAT. Nikaomba ruhusa. Bosi akasema nenda, ila beba laptopu. Tulizika kesho yake adhuhuri. Jioni simu ikaanza. Pale nyumbani mtandao ulikuwa unakuja na kuondoka, kwa hiyo nilikaa nyuma ya jiko la jirani, juu ya ndoo iliyogeuzwa, ndipo palipokuwa na mawimbi, nikawa naingiza ankara za manunuzi huku akina mama wa msibani wakipita na masufuria ya wali. Hakuna aliyeniuliza kitu. Shangazi yangu mmoja tu alisimama, akaitazama laptopu, akanitazama mimi, akasema, "Mwanangu, huyo anayekupigia hana bibi?" Halafu akaenda zake.

Ritani iliingia. Dakika chache baadaye ndipo neno "pole" likafika kutoka kwa bosi. Nililisoma mara nyingi lile neno. Mpaka leo nikikutana na mtu anasema "tuko kama familia hapa ofisini," nacheka kimoyomoyo.

Sikuacha kazi siku ile kama wanavyofanya kwenye tamthilia. Nilikuwa na mkopo wa benki na ada za shule. Nilichofanya niliporudi ni kusoma Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004, kitu ambacho ningefikiri kila mwenye mkataba amesoma, na wengi wetu tuliofaulu mitihani migumu ya NBAA, bodi ya wahasibu na wakaguzi, hatujawahi hata kuifungua. Soma mwenyewe. Saa za kawaida hazizidi 45 kwa wiki, wala 9 kwa siku. Ovataimu ni ya makubaliano, haizidi saa 50 katika wiki nne, na inalipwa mara moja na nusu. Kila wiki una haki ya kupumzika saa 24 mfululizo. Likizo ya mwaka ni siku 28. Na ukifiwa na mzazi, mwenzi, babu, bibi, mjukuu au ndugu yako wa tumbo moja, kuna siku 4 za malipo. Siku zile za Lushoto zilikuwa haki yangu, na mimi nilizipokea kama hisani huku nimebeba laptopu.

Ila angalia jambo moja kabla ya kushangilia cheo. Anayesimamia wengine na kuripoti moja kwa moja kwa uongozi wa juu, vifungu vya saa za kazi havimhusu. Nimeona watu wakipewa umeneja na nyongeza ndogo, wakaandaa na sherehe, kumbe wameuza ovataimu yao na Jumapili zao kwa bei ya kutupa. Uliza kwanza.

Basi nikaacha kubishana na bosi kuhusu usiku. Ukibishana kuhusu usiku unaonekana mvivu. Nikampelekea kalenda ya mwezi mzima: siku za moto nipo mpaka kazi iishe, hata saa sita usiku, bila kununa. Siku nyingine naondoka saa kumi na moja, na kitu kikiingia usiku kinajibiwa asubuhi. Alikunja uso. Lakini kalenda ilikuwa na tarehe za TRA, Mamlaka ya Mapato, juu yake, na hakuna bosi anayebishana na TRA. Ikapita. Siyo yote, ila ikapita.

Miaka iliyofuata sina haja ya kuisimulia. Nilimaliza CPA, ngazi ya juu ya mitihani ya uhasibu, nikajitoa, sasa natunza vitabu vya hesabu vya wafanyabiashara kadhaa, wengi wao wa Kariakoo. Na hapa niseme na wale mnaodhani kujiajiri ndiyo dawa: mteja ni bosi asiye na mlango wa kutokea ofisini. Mwanzoni walinipigia Jumapili asubuhi, mashine ya EFD, ile ya risiti za kodi, imegoma, kana kwamba mimi ndiye niliyeitengeneza. Dawa ikawa ileile. Kila mteja mpya nampa karatasi: risiti, ankara na taarifa ya benki ziwe kwangu kabla ya tarehe 10. Zikija tarehe 18, bei ni nyingine. Mmoja alikasirika akaondoka, akasema najidai. Baadaye akarudi mwenyewe, na risiti zake akazileta zimepangwa kwa tarehe. Siku hiyo nilitembea Mtaa wa Msimbazi kama nimeshinda uchaguzi.

Nyumbani nako ni kalenda. Mume wangu anafanya kazi za zamu, kwa hiyo mwanzo wa mwezi tunakaa mezani, zamu zake na tarehe zangu zinaandikwa karatasi moja, inabandikwa kwenye friji. Vikao vya wazazi shuleni navitafuta tangu Januari, sisubiri barua. Wiki ya moto yeye ndiye wa kazi za shule za watoto, na siombi radhi. Wiki yangu tupu mimi ndiye, na simu ya wateja inakaa droo ya chumbani. Mume ananuna zaidi kwa kutojua utarudi lini kuliko kwa kuchelewa kwenyewe. Mwambie tarehe, mdogo wangu. Mwandikie.

Kuna jambo hatulisemi kwenye vikao vyetu vya wanawake wenye malengo. Usawa wetu wengi umesimama juu ya dada wa kazi. Sisi tunaenda semina ya kupumzisha akili, yeye anaamka saa kumi na moja na analala wa mwisho, Jumapili hana. Naye ni mwajiriwa. Yale mapumziko ya saa 24 kwa wiki ni yake pia, na likizo ni yake. Wa kwangu anatoka Jumamosi mchana, anarudi Jumapili jioni, na nikichelewa kumruhusu ananionyesha friji. Binti ameelewa mfumo kuliko wahasibu niliofanya nao kazi.

Tena tusichukulie kuchoka kama cheo. Mwaka 2021 Shirika la Afya Duniani na Shirika la Kazi Duniani walitoa makadirio kwamba kufanya kazi saa 55 au zaidi kwa wiki kulihusika na vifo 745,000 vya kiharusi na maradhi ya moyo katika mwaka 2016 peke yake. Hesabu saa zako za wiki iliyopita kwa uaminifu, na zile za usiku kwenye WhatsApp uziingize.

Kwa hiyo wewe wa Mwanza, usimjibu bosi kwa hasira kundini, na usimpelekee malalamiko tarehe 19. Subiri tarehe 21, asubuhi, akiwa ametulia. Ingia na karatasi yenye tarehe. Mwambie utakazokuwepo usiku na utakazokuwa na mwanao. Mkataba wako usome kabla ya kuingia, cheo chako kikoje. Akikataa, niandikie, tutaona la kufanya. Ila ukiniandikia kati ya tarehe 14 na 20 utasubiri jibu.